Pua Iliyomfukuzisha Paka

Binadamu ni mchafu, usibishe. Ungesimama siku moja tu kwenye meza ya kunusia, pale dukani kwa Madamu dobi, ungerudi kwenu huna hamu ya kumkumbatia mtu. Kola zina mafuta ya shingo. Makwapa yana ukungu wa njano. Kuna watu wanapaka manukato juu ya jasho la juzi wakidhani wameficha kitu. Na suruali za mabwana wakubwa, wale wanaoshuka kwenye magari shingo imenyooka, usiombe uzigeuze ndani nje. Ptu!

Mwanamke aliyefanya kazi ya kuyanusa hayo yote aliitwa Pua. Jina lake la kuzaliwa lilikuwepo, lakini pale dukani lilishasahaulika. Madamu alikuwa na utaratibu wake ambao dobi wengine hawakuwa nao: nguo ikishafuliwa, ikakaushwa, ikapigwa pasi, haifungwi kwenye karatasi mpaka inuswe. Pua aliinyanyua, akaipeleka puani: kwapa, kola, halafu katikati ya miguu. Ikiwa nzuri hasemi kitu, anaisukuma upande wa kulia. Ikiwa bado ina uvundo, anasema neno moja tu, "Irudi," na kuitupa kwenye kapu la kushoto. Kapu hilo linakwenda nyuma kwa Mzee Povu, mfuaji, aliyekuwa na mashine zake, mabeseni yake na mikono iliyoliwa na sabuni mpaka kucha zikawa laini kama za mtoto.

Hakukuwa na rufaa. Pua akisema irudi, inarudi. Hata Madamu mwenyewe, mwenye duka, hakuwahi kubishana naye. Basi kichwa kikamvimba. Akawa anawatazama wateja kwa jicho la pembeni, anajua nani ni nani. "Yule anayejidai na tai," atamnong'oneza Kaka Pasi, mpiga pasi, "anavaa bukta moja wiki nzima. Ningekuwa mkewe ningelala jikoni." Kaka Pasi anacheka mpaka mvuke unamtokea puani. Pua hakuwa anatania lakini. Alikuwa na kinyaa cha kweli, kinyaa cha kuzaliwa nacho, na alikiona kama kipaji.

Alipopata mimba, pua ikazidi makali. Mumewe ni dereva wa malori, leo yuko, wiki ijayo hayuko, na walikuwa wakiishi kwa mama mkwe. Sebuleni kulikuwa na kiti cha mama mkwe, kiti kimoja kikubwa chenye mto, ambacho mtu mwingine hakalii. Siku moja Pua akapita karibu nacho na mimba yake, akasimama ghafla, akashika pua kwa vidole viwili.

"Mama! Mkojo!"

"Mkojo wapi?" mama mkwe akauliza.

"Hapo kwenye mto. Lo! Nani huyo? Naona nitatapika."

Mama mkwe akautazama mto, akamtazama mkwewe alivyojiziba, akasema, "Ni huyu paka, mwanangu. Nimemwona kwa macho yangu."

Hukumu ikapita hapohapo. Yule paka wa madoadoa aliyekuwa hana neno na mtu akatiwa kwenye gunia, mume wa Pua akampakia kwenye lori na kumtupa huko mbali njiani. Mto ukafuliwa, kiti kikafungwa nailoni. Pua akavuta hewa, akaridhika.

Mtoto alikuja kwa shida. Uchungu ulianza alfajiri, jua likazama, likachomoza tena, mtoto hataki. Mwishowe wakamvuta kichwa kwa ile mashine ya kunyonya, akatoka na kichwa kirefu kama papai, mzima, analia. Pua akashonwa. Mama mkwe alipopewa habari alipiga vigelegele mpaka muuguzi akaja kumnyamazisha.

Kilichomfurahisha mama mkwe si mtoto peke yake. Binti yake mwenyewe, yule wifi wa Pua, alikuwa amejifungua miezi kadhaa kabla, na yeye alipasuliwa. Mama mkwe aliliona jambo hilo kama doa kwenye ukoo. "Mwanangu wa kumzaa kalazwa mezani, kapasuliwa kama samaki," alikuwa anawaambia majirani, binti mwenyewe ameketi hapo anasikia. "Lakini huyu mkwe! Huyu kazaa. Kazaa kwa nguvu zake, njia ileile aliyoiweka Mungu."

Pua alikuwa hajawahi kusifiwa na mama mkwe kwa jambo lolote. Si mapishi, si usafi, si heshima. Sifa hii ya kwanza ikamlevya. Akaanza na yeye kujipiga kifua. "Wifi, wewe ulifunguliwa zipu tu," alimwambia mbele ya watu. "Uchungu hujauonja."

Wifi naye hakuwa wa kunyamaza. "Cheka tu, wifi. Mlango ukishapitwa na lori haufungi tena."

Watu wakaangua kicheko. Pua akacheka pia, na katika kucheka kule akasikia kitu cha vuguvugu kinamtoka, kikateremka kwenye paja. Akaacha kucheka.

Alinyamaza nalo. Angemwambia nani? Akikohoa, tone. Akipiga chafya, matone mawili matatu. Akinyanyua ndoo, hapo ndiyo usiseme. Akawa anakunja vitambaa na kujiwekea. Akajiambia ni mambo ya uzazi, yatapita. Aliona kinyaa hata kuvitazama vitambaa vyenyewe, akawa anavifua amegeuza uso pembeni. Kitu kimoja tu hakikumpitia akilini: kwamba ananuka. Atanukaje? Yeye ndiye Pua. Ingekuwa kuna harufu, nani angeijua kabla yake?

Basi akarudi kazini, mtoto akabaki na bibi yake.

Siku ya kwanza tu, Pua akanyanyua shati jeupe limekaa sawasawa, limepigwa pasi mpaka linang'aa. Akalipeleka puani. Akakunja uso.

"Mkojo," akasema. "Irudi."

Shati likarudi. Likaja shuka. Irudi. Likaja joho la mwanakwaya, na hapo Pua akashangaa kidogo, mwanakwaya mzima! Irudi. Wanga wa nguo ulikuwa unampalia, anapiga chafya, anajifuta, anashika nguo nyingine, na harufu ipo palepale, tena imezidi. Ilikuwa harufu nzito, ya kukaa, ile inayong'ang'ania kooni. Mpaka jioni kapu la kushoto lilikuwa limejaa na meza ya kulia iko tupu. Kesho yake vilevile.

Mzee Povu akatoka huko nyuma, mikono inachuruzika.

"Binti, nguo hizi nimezifua mimi. Nimezisuuza mimi. Mkojo unatoka wapi?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye mfuaji."

"Hebu nusa tena."

Pua akanusa tena, mbele yake, bila haraka. Harufu hiyo hapo, imekaa kitako. "Mzee wangu, nakuheshimu, lakini uongo siwezi. Nguo inanuka mkojo."

Mzee Povu akaishika na yeye, akanusa. Pua yake ilishakufa zamani kwa jiki na sabuni, hasikii hata kitunguu kikiungua. Akairudisha kapuni, akaenda nayo.

"Mzee, kwani siku hizi unafua kwa mkojo wa punda?" Kaka Pasi akamtupia neno.

Mzee akarudi nyuma. Alifua upya. Alibadilisha sabuni, akachemsha maji, akasugua mashine kwa ndani ameingiza kichwa kizima, akaondoa mabomba, akayaosha. Nguo zikarudi mezani. Irudi. Wateja wakaanza kupanga foleni mlangoni wakiuliza vitu vyao, na Madamu akawa anatabasamu kwa meno tu.

Kilichoharibu kabisa ni gauni la hariri. Lilikuwa la mteja wa siku nyingi, mama mmoja anayeongea kwa sauti ya chini, wa kuogopwa. Gauni lilikuja na doa dogo la chai. Pua akalirudisha, likafuliwa. Akalirudisha tena. Hariri haitaki mambo hayo, Mzee Povu alisema hivyo, akaapa, Madamu akamwambia afuate pua. Safari ya mwisho gauni likatoka limejikunyata, limekuwa la kumvisha mtoto wa chekechea. Mwenyewe alipolifungua karatasi, alilitazama, akamtazama Madamu, akaliacha hapo mezani na kuondoka bila kusema neno. Afadhali angetukana.

Madamu akamwita Mzee Povu mbele ya wote.

"Nimeshaelewa," akasema. "Unapokea kazi zako kwa mlango wa nyuma. Shuka za wagonjwa, nepi, uchafu wa watu huko. Unaupitisha kwenye mashine zangu."

"Madamu, naapa..."

"Usiape. Harufu ya mkojo imetoka wapi? Imeshuka na mvua?"

"Sijui. Ningejua ningesema."

"Basi anayejua ni Pua, na Pua hajawahi kunidanganya. Kesho asubuhi uniletee funguo za kule nyuma. Mtu mzima kama wewe! Nasikia kinyaa hata kukutazama."

Mzee Povu alikuwa na umri wa kukaa nyumbani, lakini nyumbani kwake alikuwa na wajukuu aliowalea mwenyewe, kila mtu pale alijua. Alimgeukia Pua.

"Sikulaumu," akamwambia. "Kunusa ni kazi yako."

Pua akaitikia kwa kichwa kama hakimu. Moyoni alisema: afadhali, uchafu utapungua.

Alifika nyumbani jioni jua lingali juu. Akaingia chumbani, akavua sketi ya kazi, na kwa mazoea tu, kama mtu anavyojikuna bila kufikiri, akainyanyua akaipeleka puani. Kiunoni, kwenye pindo, halafu katikati.

"Irudi," akasema.

Neno lilitoka kabla hajajua amelisema. Akabaki ameishika ile sketi mkononi. Akanusa tena, polepole, jinsi alivyomnusia Mzee Povu. Ni ileile. Ile nzito ya kung'ang'ania kooni. Ile ya shati jeupe, ya shuka, ya joho la mwanakwaya, ya hariri ya yule mama. Zilikuwa safi zote. Alikuwa amesimama kwenye meza ile siku zote hizo na uvundo wake mwenyewe ukimpanda kutoka chini, na yeye anamhukumu nao kila mtu isipokuwa mwenyewe.

Alikimbilia beseni akatapika. Alitapika chai ya mchana, akatapika maji, akabaki anajikamua na machozi yanamtoka. Na katika kujikamua kule, kila tumbo lilipojikaza, tone jingine. Aliangalia miguu yake mwenyewe kwa chuki. "Mchafu wewe," akajiambia. "Nguruwe mkubwa." Akajisugua kwa brashi ya kufulia mpaka ngozi ikawasha. Bado alijisikia.

Halafu, alipotulia, akaanza hesabu za shetani. Nani amejua? Hakuna. Kesho atajiwekea vitambaa vizito zaidi, atakunywa maji kidogo, atajipaka manukato. Nguo zote atazipitisha. Watasema, mnaona, kaondoka Povu na harufu imeondoka. Atabaki kuwa Pua. Mama mkwe ataendelea kumsifu. Mzee Povu ni mfuaji hodari, atapata kazi kwingine. Atapata wapi, na sifa ya kufulia mkojo? Hapo hakutaka kuendelea kufikiri.

Sauti ya wifi ikasikika sebuleni. Amekuja kuwasalimu, mtoto mgongoni. Pua akavaa nguo safi, akaiweka ile sketi kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga mafundo, akatoka akiwa ametengeneza uso.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, amewapakata wajukuu wote wawili, anasimulia jinsi bibi mmoja jirani yao alivyojifanya hodari kupanda ngazi kuchungulia bomba la maji, ngazi ikamtoroka, akabaki ananing'inia kwenye mfereji wa paa, kanzu ya kulalia imemfunika kichwa, anapiga kelele, "Msitazame! Msitazame!" na mtaa mzima umejaa chini unatazama. Mama mkwe alikuwa fundi wa kusimulia. Wifi alianza kucheka, akacheka, akajishika tumbo, halafu ghafla akanyamaza. Akasimama, magoti ameyabana, akatembea hatua fupifupi kuelekea bafu la uani kama mtu aliyevaa sketi ya kubana.

Pua aliijua hatua ile. Na wifi alipopita mbele yake, pua ikafanya kazi yake.

Akamfuata. Akamkuta nyuma ya mlango wa bafu anabadilisha kitambaa.

"Toka!" wifi akamaka. "Huna adabu?"

"Wifi. Na wewe?"

"Na mimi nini?"

"Usinifiche. Nimesikia."

Wifi akainamisha kichwa. "Usimwambie mama. Tafadhali. Nitakufa kwa aibu."

"Lakini wewe ulipasuliwa!"

"Kwani mkojo unauliza ulizaaje?" Wifi akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Nilidhani nimenusurika. Wewe siku ile uliposema zipu, na mimi nikakuambia lori, usiku uleule nililowesha godoro. Nikaenda kliniki. Muuguzi kaniambia ule uzito wa mimba miezi yote ile unailegeza misuli ya chini kabla mtoto hajachagua mlango. Anayezaa kwa njia ya kawaida anaathirika zaidi, hasa akivutwa kwa mashine. Aliyepasuliwa anapona zaidi, lakini hajaandikiwa kwamba hayatampata. Kanifundisha mazoezi. Unabana kama unazuia mkojo, unahesabu, unaachia. Kila siku. Imeshapungua, wifi. Zamani hata kutembea ilikuwa tabu. Leo ni huyo bibi wa ngazi kaniponza."

Pua akaegemea ukuta. Hakujua acheke au atapike tena. "Mimi nimefukuzisha mtu kazi," akasema, na akamweleza yote, mpaka gauni la hariri, mpaka lile neno la Mzee Povu.

Wifi akamsikiliza mdomo wazi. "Ni kama paka," akasema.

"Paka gani?"

"Yule paka wetu. Wifi, wewe na pua yako yote, hujui? Unadhani kile kiti kimefungwa nailoni kwa ajili ya vumbi? Mama ana tatizo hilo tangu amzae mume wako. Kwenye harusi haendi, safari haendi, kwangu hajawahi kulala hata siku moja. Sisi tumekua tunajua na hatusemi. Paka maskini alikuwa anafukia uchafu wake nyuma ya banda kila asubuhi, msafi kuliko sisi sote."

Pua alirudi sebuleni, akasimama mbele ya kiti. Mama mkwe bado alikuwa na wajukuu mapajani.

"Mama," akasema. "Yule paka. Ulimwona kweli kwa macho yako?"

Mama mkwe aliangalia mlango wa uani, akaona binti yake amesimama pale, akaelewa. Aliwaweka watoto pembeni, mmoja mmoja.

"Ulikuwa umeziba pua," akasema. "Kwa vidole viwili, hivi. Umenikodolea macho unaniambia utatapika. Ulitaka niseme ni mimi?"

Mama mkwe akavuta pindo la nguo yake akafunika magoti.

"Ndiyo maana nilikusifu," akaongeza. "Nilidhani utakuwa na mimi. Miaka yote nimekaa peke yangu na mambo haya. Nikasema huyu kazaa kama nilivyozaa, ataniambia siku moja, na mimi nitamwambia. Hukuniambia. Ukawa unatembea humu ndani umeinua pua."

Asubuhi Pua alifika dukani na mfuko wa nailoni. Madamu alikuwa ameshasimama kwenye meza ya kunusia, mkono umenyooshwa, na Mzee Povu mbele yake anahangaika kuzitoa funguo kwenye kamba aliyozifungia. Vidole vyake laini vilikuwa vinateleza. Kaka Pasi alijifanya anaangalia pasi.

"Madamu," Pua akasema. "Mwache. Harufu ni yangu."

"Harufu yako vipi?"

"Mkojo. Najikojolea tangu nilipojifungua. Nguo zilikuwa safi. Nilikuwa najinusa mwenyewe."

Kaka Pasi akaanza kucheka, akaona hakuna anayecheka, akakatisha. Madamu akatabasamu kwa huruma.

"Unamtetea mzee wa watu. Una moyo mzuri. Lakini pua yako naijua, haikosei."

Hilo ndilo halikumpitia Pua akilini, kwamba hataaminika. Sifa yake yote ilikuwa imesimama mlangoni inamzuia kupita. Akafungua mafundo ya mfuko, akaitoa sketi ya jana na kuitandika juu ya meza, katikati, pale zilipokuwa zinatandikwa hariri za watu.

"Nusa."

Haikuhitaji kuinama. Sketi ilikuwa imelala ndani ya nailoni usiku kucha, na ilipofunguliwa ilijitangaza yenyewe. Kaka Pasi akarudi nyuma. Madamu akashika pua kwa vidole viwili.

"Mungu wangu!" akasema. "Na ulikuwa unashika nguo za wateja? Na mikono hiyo? Toka hapo! Usiiguse meza hiyo tena, unanisikia? Mwanamke mzima! Nenda nyuma huko, nenda kafue, nisikuone hapa mbele!"

Pua alimtazama ameziba pua vile, amekunja uso, na akajiona mwenyewe sebuleni na mimba yake. Alisikia kinyaa, na safari hii hakikuwa kinyaa cha mkojo.

Mzee Povu alizifunga upya funguo kwenye kamba yake, bila haraka, fundo kwa fundo. Kisha akaichukua ile sketi kwa mikono miwili, akaikunja, akaenda nayo nyuma. Pua akamfuata.

Huko nyuma kulikuwa na joto na kelele za maji. Mzee alimimina siki kwenye beseni, akailoweka sketi, akaanza kuifikicha kwa ngumi. Pua akasimama pembeni, hajui aweke wapi mikono.

"Nikuulize," Mzee akasema bila kumtazama. "Jana jioni ulikuwa umeshajua?"

"Nilijua."

"Kama pasingetokea lolote huko kwenu, leo ungesema?"

Pua angeweza kumdanganya. Hakuna ambaye angejua.

"Hapana, Mzee. Ningenyamaza."

Ngumi zikasimama ndani ya maji. Mzee Povu alikuwa amempa mgongo, na Pua akangoja atukanwe. Alitamani atukanwe. Akawa amebana misuli ya chini kama alivyofundishwa na wifi, anahesabu, anaachia, anabana tena, maana hata kulia kulikuwa kunamvujisha.

Mzee akaanza tena kufikicha. Akasuuza, akaipitisha kwenye mashine, akaikausha kwa upepo wa moto, akaileta ikiwa bado ya vuguvugu na kumtupia kifuani.

"Mimi pua sina," akasema. "Nusa wewe."

Pua akainyanyua. Kiunoni, kwenye pindo, katikati. Ilinukia sabuni, na siki, na joto la mashine. Akarudia. Chini kabisa ya vyote hivyo, kwa mbali, mahali ambapo mtu mwingine yeyote asingefika, bado ilikuwepo. Angeweza kuisukuma upande wa kulia. Mzee alikuwa amechoka, mikono imevimba, ametazama pembeni.

Pua akamrudishia ile sketi.

"Irudi," akasema.